Kitabu Ambacho Owino Hakukimaliza

Nyar Alego alikuja mjini mwezi uliopita kutazamwa macho, akafikia kwangu. Mjukuu wake alimshika mkono kutoka barabarani hadi mlangoni, naye akapapasa fremu na kuuliza kama hapa ndipo kwa Nyar Kano, ilhali mimi nimesimama mbele yake kabisa nikimtazama. Tuliolewa katika boma moja kule Seme, yeye kwa kaka mtu na mimi kwa mdogo mtu, na kwa desturi ya Waluo wake wa ndugu huitana nyieka, yaani mke mwenza, hata kama kila mmoja ana mume wake. Majina yetu hayakuwa na kazi pale. Mwanamke huitwa kwa nchi aliyotoka, yeye binti wa Alego, mimi binti wa Kano, na sidhani kama mama mkwe wetu aliwahi kujua kwa hakika mimi nilibatizwa nani. Nilimpikia ngege wa kuchemsha kwa nyanya na ugali wa mtama. Tulikula kwa mikono, mimi nikimtolea miiba kama anavyotolewa mtoto, yeye akilalamika kwamba samaki wa mjini wana ladha ya barafu. Katikati ya kula, tonge mkononi, akaniuliza jambo ambalo inaonekana amelibeba tangu ujana wetu. "Nyar Kano, kile kitabu. Mwisho wake ulikuwa ule uliotusomea, au ulitutungia?"

Kwanza nilicheka, kisha chakula kikanishinda. Nilimwambia amalize kula, nitamjibu akishanawa. Ukweli ni kwamba sikuwa tayari. Nina rafu nzima ya hadithi za upelelezi humu sebuleni, za Kiswahili na za Kiingereza, wajukuu wangu hunitania kwamba bibi yao anajua njia zote za kumuua mtu, na hakuna anayejua kwamba ulevi huu ulianzia katika nyumba niliyofungiwa, mwaka ule mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na umri wa msichana ambaye siku hizi bado angekuwa anaombewa karo na mama yake.

Kuzaliwa kwangu na mahari yangu nitayaruka, hayo kila mtu anayo. Nitaanza na Owino, mume wangu, akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, miguu ameiegemeza kwenye mti wa chini wa meza, anasoma. Alikuwa akifanya kazi ya kupima miwa huko Muhoroni, na mwisho wa mwezi hupanda basi hadi Kisumu, kisha jingine hadi Kombewa, halafu hutembea. Huniletea sukari, sabuni na habari. Mara ile aliniletea kitabu, alichokinunua stendi ya Kisumu kwa mtu aliyetandaza magazeti ya zamani chini pamoja na nyembe na vitana. Jalada lilikuwa limeng'oka, hata jina la kitabu hatukulijua. Ilikuwa hadithi ya tajiri mmoja wa mji wa pwani aliyekunywa chai yake ya jioni na asubuhi akakutwa amekufa kitini. Kulikuwa na mke kijana, na ndugu mwenye madeni, na mpishi aliyeomba ruhusa siku hiyo hiyo, na Inspekta Shaibu, ambaye aliumwa jino tangu ukurasa wa kwanza na kutafuna karafuu huku akiwahoji watu.

Owino alinisimulia yote hayo wakati wa kula, akinyonya kichwa cha samaki. "Ni mpishi," alisema. Nilimuuliza mbona asiwe mke. Alinitazama kama niliyesema upuuzi. "Mke amuue mtu wake mwenyewe? Kwa lipi?" Alipofika katikati akatia tikiti ya basi ndani ya kitabu, akakiweka juu ya kabati, akasema atakimalizia safari ijayo, kwa maana kitu kitamu hakiliwi siku moja. Asubuhi yake aliamka na maumivu ya tumbo. Nilimkorogea uji mwepesi wa wimbi, akanywa kidogo akautapika. Kufikia mchana alikuwa hawezi kunyoosha miguu. Wanaume walimbeba na kitanda chake kuelekea Kombewa, nami nikifuata nyuma nimebeba viatu vyake, na kabla hatujafika nikaona wanakishusha kitanda chini taratibu, bila haraka tena. Hospitalini walisema ni kidole tumbo kilichopasuka. Kwa watu wa boma letu hilo halikuwa jibu. Nani aliwahi kusikia mwanamume mzima mwenye nguvu akauawa na kidole? Lakini uji waliujua, na aliyeukoroga walimjua.

Nikavishwa koti lake la kazini, la kaki, lililokuwa bado linanuka moshi wa miwa iliyochomwa. Mjane kwetu aliitwa mke wa kaburi, na kaburi lenyewe lilikuwa pale mbele ya nyumba, mkono wa kulia unapotoka, kiasi kwamba kila nilipofungua mlango nilimsalimia. Sikuruhusiwa kuingia nyumba ya mtu yeyote. Sikuruhusiwa kumpa mtu mkono, wala kukatiza shamba la mtu, wala kulala nje ya boma hata kama mama yangu mzazi angekuwa anakata roho. Njia zangu zilikuwa za kwenda majini, kwenye kuni na chooni. Nikivunja mwiko ingekuja chira, ule ugonjwa wa kukonda usio na dawa, na pengine isinipate mimi bali mtoto wa mwenye nyumba niliyoikanyaga. Hayo yangedumu mpaka nirithiwe na ndugu wa mume. Kila nilipofika kwenye nyumba ya mama mkwe wangu na maji yake, nilisimama chini ya upenu, nikautua mtungi, yeye akatoa mkono nje na kuuvuta mtungi ndani. Mwaka mzima niliona mkono wake kuliko uso wake.

Nyumba yangu ilikuwa ya udongo na mabati, na Owino alijivunia mabati yale kuliko mimi. Ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na viti viwili, meza, kabati, na kitambaa nilichokifuma shuleni chenye ndege wawili waliotazamana. Cha nyuma kilikuwa na kitanda kile kile alichobebewa, kwa sababu hapakuwa na kingine. Mchana bati liliwaka mpaka mafuta ya kupikia yakayeyuka kwenye mkebe. Dirisha lilitazama jiko la mama mkwe, na kwa dirisha hilo nilisikia maisha yangu yakipangwa. "Huyu msichana halii vizuri," sauti moja ilisema. "Analia kama mtu anayepaliwa." Nyingine ikasema alimpa uji, mtu akafa, haya, nyinyi hesabuni wenyewe. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nami niliona linakuja kwa miguu yake, polepole, kila jioni likiwa limekaribia dirisha zaidi. Mama mkwe wangu hakusema lolote. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Aliyechaguliwa kunirithi alikuwa Ochieng', binamu wa Owino. Nisimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebeba mizigo gatini Kisumu miaka mingi, akarudi nyumbani na mgongo mbovu, wake wawili, na Kiswahili cha bandarini alichopenda kukionyesha hata kwa mbuzi. Alikuwa mkubwa, mwenye kicheko cha kuamsha kuku, na aliponitazama alitazama pia mabati. Mimi sikumtaka. Nilitaka kwenda Kisumu kwa mama yangu mdogo aliyekuwa akiuza mboga sokoni, nitafute kazi yoyote, hata kufagia, mahali ambapo naweza kupita mlango wa mtu bila kumuua mtoto wake. Sikuwa na wa kumwambia hivyo. Walinivumilia msimu mmoja, msiba ulikuwa mbichi. Lakini mvua za masika zikikaribia, kungekuwa na jambo la mbegu. Katika boma letu mama ndiye hutia mbegu ya kwanza, kisha nyumba ya mkubwa, kisha inayofuata, kila mtu kwa zamu yake. Nyumba yenye mjane asiyerithiwa haigusi mbegu, na walio nyuma yake wanangoja. Kwa hiyo nikimkataa Ochieng', si mimi tu nitakayelala njaa. Kila aliyepita mbele ya mlango wangu na jembe begani alikuwa akiniambia hilo bila kufungua mdomo.

Kiangazi kikaingia, kile cha kukausha midomo. Siku moja nilikitoa kitabu juu ya kabati. Nilikuwa nimeepuka kukigusa, lakini ukimya ulinizidi, na nikajiambia nitamsomea Owino kilichobaki, maana yuko hapo nje tu. Nilikaa kwenye kiti chake, nikaanza kusoma kwa sauti ndogo kuanzia penye tikiti. Sikujua kwamba Nyar Alego anapita na kuni. Akasikia mjane anazungumza peke yake, tena kwa Kiswahili, tena anajibishana kwa sauti mbili. Alitupa kuni akakimbilia kwa mama mkwe kumwambia marehemu amerudi na anaongea lugha ya serikali.

Wakaja wote wawili. Mama mkwe alisimama mlangoni, mwanamke mrefu mwenye mikono mirefu, ameshika ungo wa njugu.

"Unaongea na nani?"

"Ninasoma, Mama. Ni kitabu cha Owino."

Alikitazama kitabu muda mrefu. "Kinasema nini?"

"Kuna mtu ameuawa. Wanamtafuta aliyemuua."

Nilidhani atanipokonya. Aliketi kizingitini, akauweka ungo mapajani, akaanza kubambua njugu. "Soma," alisema. "Anza mwanzo. Na useme kwa lugha ya watu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kwa kuwa mimi sikuweza kwenda kwao, wao walikuja kwangu, kila mchana baada ya chakula, jua likiwa kali mno kwa shamba. Nilisoma Kiswahili kimoyomoyo na kukitoa kwa Dholuo. Ochieng' naye hakuchelewa kunusa. Alileta kigoda akakaa nje ya mlango, na kitabu kikapata baraza lake. Mabishano yalikuwa makubwa kuliko hadithi. Nyar Alego hakujali buli wala kikombe alivyovikagua Inspekta. Alitaka kujua nani aliosha maiti, na nani alifika matangani amechelewa. Inspekta alipompata yule mke kwa fundi cherehani, kabla hata matanga hayajaisha, akipimwa gauni, njugu zilimwagika.

"Ameingia nyumba ya fundi?"

"Ameingia."

"Akashikwa mwili? Mjane? Na chira haikumpata?"

"Haikuandikwa."

"Basi ni yeye," alisema Nyar Alego. "Mjane anayetembea hivyo ameshaua, hana tena cha kuogopa."

"Hiyo bibi ndiye aliua," Ochieng' akatoa hukumu kwa Kiswahili chake cha gati. "Kesi imekwisha. Funga fail." Akacheka mpaka kuku wakatawanyika.

Nilijaribu kuwaeleza kwamba huko pwani desturi ni nyingine, mjane hukaa eda kwa namna yao na siku zake, na mwandishi hakuliona gauni kuwa ushahidi hata kidogo. Hawakunisikia. Nilikuwa namtetea mwanamke wa kwenye karatasi na jasho linanitoka chini ya koti. Mama mkwe aliendelea kubambua, lakini macho yake hayakuwa kwenye njugu. Jioni ile, kwa dirisha, nilimsikia akimwambia jirani, kwa sauti ya kawaida kama anayezungumzia mbuzi aliyechechemea, "Mbona anapofika kwa yule mke sauti yake inapungua?"

Nikajua kwamba sisomi. Ninahojiwa. Usiku na mchana uliofuata nilikimaliza kitabu peke yangu, na nilipofika ukurasa wa mwisho nilikaa nacho mapajani. Alikuwa mke. Alitia dawa ya panya katika buli, siku ambayo mpishi aliomba ruhusa. Owino wangu alikosea, Ochieng' alipatia, na baraza zima la njugu lingesikia kutoka mdomoni mwangu mwenyewe kwamba mke kijana anaweza kumkorogea mumewe kinywaji akafa. Nilitaka kukichoma. Kisha nikafikiri, nani atajua? Mimi ndimi pekee ninayesoma. Naweza kumtia hatiani yeyote nimtakaye. Nitampa Owino mpishi wake.

Ila sikuwa na ujasiri wa kufika huko haraka, nikaanza kuchelewesha. Nilitia chumvi. Nikamleta mwizi wa ng'ombe ambaye hakuwemo kabisa, nikampakia Inspekta Shaibu kwenye garimoshi akaja mpaka Muhoroni, akapita mashamba ya miwa, akang'olewa jino lake na mganga wa hapo. Ochieng' alifurahia safari hiyo kuliko kitabu kizima, akauliza Inspekta alilala wapi. Niliendelea hivyo siku kadhaa, nikijiona mjanja. Mama mkwe akauweka ungo chini.

"Nyar Kano," alisema, "ukurasa huo umeukalia tangu juzi. Vidole vyako havijafunua."

Hakuna aliyecheka. Hata Ochieng' alitazama miguu yake.

"Macho sikupewa ya kusoma, lakini ninayo. Funua. Utuambie kilichoandikwa, si kingine."

Alisogea akaketi karibu yangu, bega kwa bega, akatazama karatasi kana kwamba atazisikia zikisema. Nikafunua. Sikumbuki kama niliwahi kuogopa kitu chochote maishani kama nilivyoogopa kurasa zile, na nimezika mume wa pili na nimefanyiwa upasuaji. Nilisoma yote kama yalivyo. Nilisoma Inspekta Shaibu alivyowakusanya wote ukumbini na kuwaambia kwamba hakutafuta aliyelia wala asiyelia, alishika neno moja tu la wazee, kufa kufaana, akamtafuta aliyefaana. Ndugu hakupata senti. Mpishi alipoteza kazi. Mke alipata nyumba, sanduku la pesa, ufunguo wa mlango wa mbele na tikiti ya meli. Nilisoma mpaka pingu, nikafunga kitabu.

"Si nilisema?" alisema Ochieng', lakini taratibu.

Mama mkwe alisimama, akakung'uta maganda kwenye kanga yake, akaenda zake. Nyar Alego akamfuata bila kuniaga. Nilibaki na ndege wawili wa kitambaa.

Siku zile mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa, na watu walikuwa wakinoa majembe. Kesho yake nilipeleka maji kama kawaida, nikasimama chini ya upenu, nikautua mtungi. Mkono haukutoka.

"Owino alidhani ni nani?" sauti iliniuliza kutoka ndani.

Nilikuwa sijategemea. "Mpishi, Mama."

"Na mke je? Hakumtilia shaka?"

"Nilimuuliza. Alisema mke hawezi kumuua mtu wake, kwa lipi."

Nilisikia anacheka, kicheko kidogo cha puani, kile cha Owino hasa, sikuwahi kujua alikitoa wapi. "Nilizaa mjinga," alisema. Kisha kicheko kikageuka, na nikasimama pale nje nikimsikia mama wa mume wangu akilia kwa mara ya kwanza bila mtu wa kumtazama. Nami nililia, upande wangu wa ukuta, na safari hii sikupaliwa.

Alipotulia aliita, "Ingia."

Nilidhani amesahau. "Mama, siwezi."

"Nimesema ingia. Nyumba ni yangu."

Mguu wangu ulikataa. Nakumbuka niliutazama ukiwa juu ya kizingiti kama mguu wa mtu mwingine. Nilipouweka chini, ndani, kwenye sakafu yake iliyopakwa samadi, nikauvuta na wa pili. Kulikuwa na giza, na harufu ya moshi na maziwa. Alikuwa amepika ngege kwa nyanya, na ugali wa mtama, akanielekeza kigoda, akaninawisha mikono. Mama mkwe kumnawisha mke wa mwanawe! Nililamba chumvi ya machozi pamoja na mchuzi.

"Nimelala na maneno ya yule askari wa jino," alisema. "Nikawa nauliza, mwanangu alipokufa, nani alifaana? Wewe? Ulipata nini? Umepata koti bovu na kaburi mlangoni. Yule mwanamke alipata ufunguo, wewe ulifungiwa. Nikasema basi, tuhesabu wengine. Ochieng' atapata nyumba ya mabati." Alimega tonge, akalirudisha. "Halafu nikauliza, ni nani ambaye tangu siku ile hajaenda majini? Nani anachotewa, anapasuliwa kuni, anapondewa mtama, na hajawahi kusema asante? Ni mimi. Kama ni mambo ya kufaana, Nyar Kano, mwenye kushikwa ni mimi."

Nilijaribu kusema hapana. Aliniinulia kiganja.

"Kula. Ukimaliza nipe hilo koti. Chira ikija, ielekezeni njia ya kwangu, mimi nimekula chumvi ya kutosha. Kesho nitatia mbegu yangu, na wote watatia, na atakayeuliza nyumba yako, nitamjibu."

"Na mimi, Mama?"

"Si una mama mdogo Kisumu? Unadhani dirisha linasikia upande mmoja tu? Wewe huongea usingizini."

Alivyowajibu wazee sikuwepo kusikia, ila najua palikuwa na maneno, penye wengi pana mengi. Asubuhi nilipotoka na sanduku langu, umande haujakauka, yeye alikuwa tayari shambani, amejikunja, anadondosha mbegu na kuzifukia kwa kisigino. Hakuinua kichwa, nami sikumwita. Aliyenibebea sanduku hadi barabarani alikuwa Ochieng', mgongo mbovu na yote. "Kitabu kimenipora bibi," aliniambia kwa Kiswahili chake tukingoja basi, na sikujua kama anatania mpaka alipocheka. Mjini nilifagia duka la vitabu vya shule la Mkikuyu mmoja karibu na soko, baadaye nikawa nauza, na huko ndiko nilikokuta akina Inspekta wengine. Seme sikurudi kwa muda mrefu. Niliambiwa Mama alipokufa, nikaenda, nikaingia nyumba zote.

Kitabu chenyewe nilikiacha. Alinitaka nikiache, akakiweka ndani ya kapu lake la mbegu, na sikuuliza asiyesoma atakifanyia nini.

Haya yote nilimsimulia Nyar Alego baada ya kunawa, nikamaliza kwa jibu lake. Sikutunga. Nilitaka kutunga, nikakamatwa. Na kama ningetunga, ningemfunga mpishi, mke angetoka huru, Mama asingelala na swali lolote, na mimi ningekuwa hadi leo ninautua mtungi chini ya upenu.

Alitikisa kichwa muda mrefu, macho yake meupe yakitazama mahali nisipokuwa. "Kumbe kweli ni yule mke," alisema. "Na mimi miaka yote nasema huyu Nyar Kano ni mjanja, alijua Mama atafikiri vile, akatupikia mwisho wa kumfungulia yeye mwenyewe mlango." Akacheka. "Unajua Mama alikuwa akisomewa?"

Sikujua.

"Wajukuu walipoanza shule. Kila mmoja akijua kusoma, Mama humwita, humpa kitabu, yeye hubambua njugu. Wamekisoma mpaka kikawa matambara. Lakini hakuna hata mmoja aliyekimaliza. Wakifika penye ile tikiti ya basi, anawapokonya. Wanamwambia, bibi, bado, hatujajua nani aliyemuua." Nyar Alego alipapasa meza, akaupata mkono wangu, akaushika. "Anawaambia, tunajua. Ni mpishi. Baba yenu mdogo alishasema."